Kabla hujaingia chumba cha uzazi wa mpango: hatua kwa hatua, kwa sisi wa Kigoma

Siku ya kliniki foleni ya akina mama huanza jua likiwa bado nyuma ya vilima. Wengine wametembea kwa miguu, wengine wameshuka kwenye boti kutoka vijiji vya kandokando ya Ziwa Tanganyika ambako gari halifiki. Ukimuuliza mmoja wao, "Mama, umekuja kuchukua njia gani?" jibu utakalolisikia mara nyingi ni hili: "Nitakayopewa."

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Njia ya uzazi wa mpango huchaguliwa na mwenye mwili. Na mahali pazuri pa kuchagulia ni nyumbani, umekaa, umetulia, siku mbili tatu kabla ya kwenda kupanga foleni. Chumbani kwa muuguzi kuna watu ishirini nyuma yako na mtoto analia mgongoni. Si mahali pa kuanzia kuwaza. Huduma yenyewe ni bure katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za serikali, na ukiona alama ya Nyota ya Kijani ukutani ujue hapo uzazi wa mpango unapatikana. Kwa hiyo fedha isiwe kisingizio cha kuchagua haraka.

Hatua ya 1: Tenganisha maswali mawili

Kuzuia mimba ni swali moja. Kujikinga na magonjwa ni swali lingine. Tunayachanganya, halafu tunashangaa. Nimekutana na dada aliyewekewa kijiti akaacha kondomu siku hiyo hiyo, akiamini "sasa nimekingwa." Alikuwa amekingwa na mimba. Kaswende haikuulizwa.

Vijiti, sindano, vidonge, kitanzi, kufunga kizazi: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia VVU, kaswende, kisonono wala homa ya ini. Kondomu peke yake ndiyo inayojibu maswali yote mawili. Ila kwa upande wa mimba kondomu ina uvujaji wake, kwa sababu hatuitumii sawasawa kila mara. Katika wanawake 100 wanaoitegemea kondomu ya kiume kwa mwaka mzima, kama watu wanavyoitumia kweli majumbani, 13 hivi hupata mimba. Kwa vijiti hafiki hata mmoja. Kwa hiyo kama hutaki mimba na huijui vizuri hali ya afya ya mwenzako, au unamjua na unajua anasafiri, tumia viwili pamoja: njia ya kudumu kidogo kwa mimba, kondomu kwa magonjwa. Si kujipa mzigo. Ni maswali mawili, majibu mawili.

Kabla ya hayo yote, pimeni. Wote wawili, si mmoja kuleta majibu ya mwingine. Kama ni mara ya kwanza, rudieni baada ya miezi 3, maana maambukizi ya karibuni huweza kujificha kwenye kipimo. Na kama mmoja wenu anaishi na VVU, anameza dawa zake vizuri na kipimo cha wingi wa virusi kimeonyesha kwamba virusi havionekani tena, basi hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hili wengi hawajaambiwa, na limeokoa ndoa nilizozishuhudia.

Hatua ya 2: Isome kalenda ya nyumba yako

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko kwenye hatua nyingine zote.

Mama mmoja wa kijiji cha ziwani, mumewe ni mvuvi wa dagaa. Mnajua kazi hiyo: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, wanaume wanarudi nyumbani. Mama huyu alikuwa anameza vidonge siku za mbalamwezi tu, mume akiwepo. Giza likirudi na mume akiondoka, anapumzisha. Alinitolea paketi kutoka kwenye upindo wa kitenge: vidonge vimetobolewa hapa na pale, kama gunzi lililodonolewa na kuku. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na alikuwa na hasira na vidonge.

Vidonge havikuwa na kosa. Kidonge hufanya kazi kwa kulizuia yai lisipevuke, na kazi hiyo inadai kumeza kila siku, mume awepo asiwepo. Ukiacha siku kadhaa, mwili unaamka na kuendelea na shughuli yake. Kwa mwanamke ambaye mume wake huja na kuondoka kwa mwezi wa angani, kijiti au kitanzi vingemfaa zaidi, kwa sababu vinafanya kazi bila kukumbukwa. Lakini hakuna aliyemuuliza mumewe anafanya kazi gani, na yeye hakujua kwamba ni jambo la kusema.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, wanaume walikaa nyumbani mfululizo. Kalenda za nyumba nyingi zilibadilika, na njia iliyotosha kwa siku chache za mbalamwezi haikutosha tena.

Sasa chukua karatasi, au kaa tu ujiulize mwenyewe. Nataka mtoto mwingine lini: mwaka kesho, baada ya miaka mitatu, au nimemaliza? Shirika la Afya Duniani linashauri tangu kujifungua ipite angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, na angalau miezi 6 kama mimba imeharibika. Je, naweza kukumbuka kitu kila siku kwa saa ile ile? Kliniki iko umbali gani, na masika barabara ikikatika au ziwa likichafuka nitafikaje? Ninanyonyesha? Nina presha? Ninatumia dawa yoyote ya kila siku? Na hili la mwisho, ambalo wengi hulimeza: je, mwenzangu anajua, na asipojua, nyumbani kwangu ni salama?

Ukishakuwa na majibu hayo, nusu ya njia umeshazikata mwenyewe.

Hatua ya 3: Zijue njia kwa jinsi zinavyofanya kazi

Naanza na vijiti kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa zaidi na kuogopwa zaidi. Kuna kijiti kimoja cha miaka 3 na kuna viwili vya miaka 5. Huwekwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, mkono ule usioutumia sana. Unalala kitandani, umekunja mkono, kiganja karibu na kichwa. Muuguzi anasafisha, anachoma sindano ya ganzi. Hiyo ndiyo inayouma, kama kung'atwa na siafu. Baada ya hapo unasikia kusukumwa tu, na dakika chache imekwisha. Kisha anakuambia uguse mwenyewe. Gusa kweli! Chini ya ngozi kuna kitu chembamba, laini, urefu wa sentimita 4 hivi, mfano wa njiti ya kiberiti. Kama hukisikii, sema kabla hujashuka kitandani. Bandeji ikae saa 24, pasipate maji siku chache, na siku mbili tatu ndoo na jembe viende mkono wa pili.

Kijiti hakisafiri kwenda moyoni. Kinakaa hapo hapo ulipokigusa. Kinachobadilika ni hedhi: wengine hupata matone matone yasiyo na mpangilio, wengine siku zinapungua, wengine zinakatika kabisa. Matone hayo yanachosha, sikatai, hasa kwa anayeswali au anayelala na wenzake chumba kimoja. Mara nyingi hupungua baada ya miezi kadhaa, na yakikushinda zipo dawa muuguzi anaweza kukupa.

Sindano ni ya miezi mitatu mitatu. Ni ya siri, haiachi alama, na ndiyo sababu akina mama wengi huipenda. Lakini ina mambo mawili ya kujua. Kwanza, tarehe. Ukichelewa hadi wiki nne bado unaweza kuchomwa bila shida, ukipitiliza hapo ni lazima kwanza ithibitike huna mimba. Pili, ukiacha, mwili huchukua muda kurudi. Kwa wastani hushika mimba miezi minne hivi baadaye kuliko aliyeacha njia nyingine. Kwa hiyo kama unataka mtoto mwaka huu huu, sindano si rafiki yako. Na ile hofu kwamba damu isiyotoka inaganda tumboni, naomba tuiache. Sindano huufanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba. Hakuna damu iliyokusanyika, kwa hiyo hakuna ya kutoka.

Kitanzi, au lupu, kile cha shaba, hakina homoni. Kinakaa ndani ya mfuko wa uzazi mpaka miaka 10 na zaidi, kinafanya kazi tangu saa kinapowekwa, na kinamfaa sana mama mwenye presha ambaye hawezi vidonge. Hedhi za miezi ya mwanzo huja nzito na maumivu kidogo. Mama anayejifungulia hospitali anaweza kuwekewa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, au asubiri wiki nne. Ukisikia maumivu makali ya tumbo pamoja na homa baada ya kuwekewa, usisubiri tarehe ya kurudi. Na kama una kisonono au uchafu wenye harufu unaotoka ukeni, tibu hilo kwanza, kitanzi baadaye.

Vidonge nimeshavigusa. Paketi ya kawaida ina 28. Saba vya mwisho vyenye rangi tofauti havina homoni, vipo ili usipoteze mazoea. Ukisahau kimoja, kimeze ukikumbuka na uendelee. Ukisahau viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja mara moja, endelea na paketi, na siku 7 zinazofuata tumieni kondomu. Meza usiku, wakati ambao hata Ramadhani hauhami: nawajua akina mama wa Ujiji waliozoea kumeza asubuhi, mwezi ukaandama wakapoteza mpangilio wote. Mwenye presha, mwenye historia ya damu kuganda, mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, au mvutaji wa sigara aliyepita miaka 35, vidonge hivi vya kawaida havimfai. Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 navyo havimfai, ila kuna vidonge vyake maalumu, na hivyo vinadai saa ile ile kila siku kwa ukali zaidi.

Kunyonyesha nako ni njia, kukiwa na masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Siku unapompa uji wa kwanza, au hata maji ya kutuliza kiu kama bibi anavyoshauri, sharti limevunjika. Siku hiyo uwe na njia nyingine tayari.

Wapo wanaofuata kalenda kwa sababu ya imani yao, na nawaheshimu. Kwa mwenye mzunguko wa kati ya siku 26 na 32, siku za kujizuia, au za kondomu, ni kuanzia ya 8 mpaka ya 19, ukihesabu ya 1 siku damu inapoanza. Mzunguko wako ukiyumba, njia hii itakuangusha. Kumwaga nje kunaangusha zaidi: kwa mwaka mmoja, 20 kati ya 100 hushika mimba.

Waliomaliza kuzaa wana kufunga kizazi. Kwa mwanamume ni upasuaji mdogo wa mishipa inayopitisha mbegu, ni mwepesi na salama kuliko wa mwanamke, na hauhusiani kabisa na kuhasiwa. Nguvu zinabaki, hamu inabaki, majimaji yanatoka kama kawaida. Ila haufanyi kazi siku hiyo hiyo. Inapita miezi 3 ya kutumia kondomu kwanza. Kaka zangu, mke aliyezaa mara sita amelala kwenye kitanda cha kujifungulia mara sita. Liwazeni.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Nenda ukiwa katika siku tano za mwanzo za hedhi kama unaweza. Njia inafanya kazi haraka na hakuna mjadala wa mimba. Kama huwezi, nenda siku yoyote. Muuguzi atakuuliza maswali au kukupima mkojo, na baada ya kupewa kijiti, sindano au vidonge mtatumia kondomu siku 7. Usikubali kurudishwa nyumbani eti "rudi ukiwa mwezini" bila hata kuulizwa lolote. Ukiambiwa hivyo, omba walau kondomu za kukuvusha.

Sema dawa zako zote. Hili nalisisitiza kwa sababu mgonjwa huona aibu, na aibu hiyo inazaa mimba. Dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, na baadhi ya dawa za kifafa, hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti. Kwa wanaotumia ARV, efavirenz hupunguza nguvu ya vijiti, ila dolutegravir inayotumiwa na wengi siku hizi haina tatizo hilo. Jina limeandikwa kwenye kopo. Kama huwezi kusema mbele za watu, nenda na kopo mfukoni, ulionyeshe bila kutamka. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriwi na dawa hizo.

Omba upimwe presha. Kisha, kabla ya kukubali lolote, uliza maneno haya haya: "Nikitaka kuitoa, nitaitolea wapi, na nani?" Sababu ya swali hili nitaieleza mwisho.

Barua ya mume haihitajiki. Ridhaa ni yako. Binti ambaye hajaolewa naye anahudumiwa, na akikuta maneno ya kuudhi dirishani asiache, aombe muuguzi mwingine au aende siku ya huduma ya mkoba timu inapokuja kijijini. Nawaambia wazazi pia: binti kuijua kondomu hakumfundishi kulala na mtu. Kutojua ndiko kunakomkatisha masomo, hata kama tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani.

Hatua ya 5: Mazungumzo na mwenzako

Si usiku kitandani, na si siku mmegombana. Wakati mzuri nimeuona mara nyingi ni mkiwa mnachambua dagaa au mnarudi shambani, mikono ina kazi na macho hayatazamani. Anza na watoto, usianze na mwili wako: "Baba, huyu wa mwisho bado hajatembea vizuri. Nataka apate maziwa yake mpaka ashibe. Tupumzike miaka miwili, mitatu. Nimesikia njia hizi na hizi, wewe unaonaje?" Mume anayeulizwa hujibu tofauti na mume anayeambiwa. Akisema vijiti vinamaliza nguvu za shamba, usibishane, mwambie mwende wote akamuulize muuguzi mwenyewe. Wengi wakishakaa kwenye benchi lile wanalegea.

Kwa kondomu, sema mapema kabla hamjafika mahali pa kusema "basi leo tu." Mwanamume akikuambia "hunipendi, huniamini," mjibu kwa upole: "Nakupenda, ndiyo maana nataka tukapime, mpaka hapo tuitumie."

Kwa baadhi ya dada zangu mazungumzo haya yatawaletea kipigo. Wewe huna deni la kumwambia mtu anayekupiga. Chagua njia isiyoonekana, kama sindano au kitanzi, na kadi yako omba itunzwe kliniki. Na kipigo chenyewe kisemee, kwenye kituo cha afya au kwenye dawati la jinsia polisi.

Hatua ya 6: Kondomu, mkono kwa mkono

Angalia tarehe ya mwisho. Bana pakiti kwa vidole viwili, uone kama kuna hewa ndani. Ikiwa bapa kabisa, imeshatoboka. Fungua kwa vidole, si kwa meno. Bana ncha ibaki nafasi ya mbegu, vingirisha mpaka shinani, kabla ya kugusana kokote. Mkimaliza, toka ukiwa bado umesimama, umeshika shina la kondomu. Ifunge fundo, itupe chooni kwenye shimo au ichome. Usiitupe ziwani, watoto wanaogelea humo.

Isikae kwenye pochi ya suruali miezi, wala kwenye mfuko wa koti juani ndani ya mtumbwi. Joto huiozesha. Mbili kwa pamoja husuguana na kupasuka, kwa hiyo vaa moja.

Na sasa mafuta. Hapa Kigoma kila nyumba ina mawese, na nimesikia kwa masikio yangu kijana akisema anapaka kidogo "iteleze." Fanya jaribio hili nyumbani: puliza kondomu mbili kama puto, uzifunge. Moja ipake mawese kwa kidole, nyingine iache. Sugua taratibu na uhesabu. Ile ya mawese hudhoofika na kupasuka mkononi mwako kabla hujachoka. Mafuta ya nazi, Vaseline, losheni, vyote ni sawa na mawese kwa mpira ule. Kinachofaa ni kilainishi cha maji, ulizia famasi. Kondomu ya kike haina shida hiyo ya mafuta kama si ya mpira wa kawaida, na mwanamke anaweza kuivaa saa kadhaa kabla, ila upatikanaji wake hauna uhakika, uliza kwanza.

Hatua ya 7: Ikipasuka, au ikitokea ghafla

Saa zinahesabika. Kwa mimba, kuna P2, vidonge vya dharura. Meza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kama paketi ina vidonge viwili meza vyote kwa pamoja. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia. P2 huchelewesha yai kutoka. Mimba iliyokwisha kutunga haiitoi wala haiidhuru. Pia haikukingi na tendo la kesho. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki, pima mkojo. Wapo wasichana wanaoimeza kila mwisho wa wiki kama ndiyo njia yao. Nawasihi waiache kwa matumizi ya dharura, kwa sababu ni dhaifu kuliko njia za kawaida na inavuruga mzunguko. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinafanya kazi hiyo hiyo kwa uhakika zaidi, na unabaki nacho.

Kwa VVU, kuna dawa za PEP. Zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na zinamezwa siku 28 bila kukatisha. Aliyebakwa aende hospitali kwanza, bila kuoga kama anaweza, vyote viwili atapewa huko. Kwa sisi hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, lakini usisafiri kwa muda wa saa sita kuitafuta kama kituo cha afya kiko jirani. Uliza hapo kwanza. Na anayejua kwamba hatari yake inajirudia, kwa mfano mwenzi anaishi na VVU na bado hajatulia kwenye dawa, aulizie PrEP, dawa kinga za kumeza kabla.

Ukiona kidonda sehemu za siri, uchafu wenye rangi, au maumivu ya kukojoa, usijinunulie vidonge dukani na kuviita dawa ya UTI. Wanawake wengi wenye kisonono hawana dalili yoyote. Mwanamume anayeumwa akitibiwa peke yake anaurudia ugonjwa kwa mkewe. Mnatibiwa wawili, mnakaa siku 7 bila kukutana.

Hatua ya 8: Kurudi, kubadili, kutoa

Hii ndiyo sababu ya lile swali. Mimi mwenyewe niliwekewa kijiti baada ya mtoto wangu wa pili. Mwezi wa tisa damu ilikuwa haikatiki, matone kila siku, nimechoka, sina hamu ya chochote. Nilirudi pale nilipowekewa. Niliambiwa, "Miaka mitatu haijaisha, vumilia," kisha mwingine akaniambia wazi kwamba aliyefundishwa kutoa amehamishwa. Nililia kwenye benchi. Ilinichukua wiki tatu na safari mbili kumpata wa kukitoa, na kukitoa kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko chai kupoa.

Kutoa ni haki yako, siku yoyote, kwa sababu yoyote, hata kama ni "nimebadili mawazo." Huhitaji kujitetea. Usijaribu kamwe kukitoa mwenyewe kwa wembe, wala kumpa mtu wa mtaani. Ukikataliwa, muulize mganga mfawidhi wa kituo: "Nipelekeni kwa anayetoa." Andika kwenye kadi tarehe uliyowekewa na tarehe ya mwisho wake, piga picha ya kadi kwa simu, maana kadi hulowa kwenye boti.

Njia ya kwanza isipokufaa, ipo ya pili. Mimi baada ya kijiti nilihamia kitanzi, nikakaa nacho miaka bila neno. Jirani yangu alifanya kinyume chake.

Na siku kijiti au kitanzi kinapotolewa, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi ndani ya siku chache. Hapo wengi hujikwaa: wanatoa asubuhi wakisema watachagua njia mpya mwezi ujao. Kama bado hutaki mimba, chukua njia mpya siku hiyo hiyo kabla hujashuka kitandani, au omba kondomu uzitie kwenye mkoba kabla hujapanda boti ya kurudi.